Mbwa Akiugua na Mfuko Ni Mwepesi: Somo kwa Watu wa Muleba

Leo twataka kusema habari ambayo wengi huiona kuwa ndogo, nayo si ndogo: habari ya mbwa au paka aliyeugua katika nyumba isiyo na fedha nyingi. Je, mwenye nyumba afanye nini? Amwache afe? Aende kununua dawa yoyote aionayo dukani? Au atumie ada ya mtoto wa shule kumlipa mganga wa wanyama? Hakuna mojawapo ya njia hizo tatu iliyo nzuri. Iko njia ya nne, nayo ndiyo somo letu.

1. Kwa nini mbwa hukosa fungu lake

Katika nchi yetu, toka vilima vya Kamachumu na Nshamba hata ufuko wa Ziwa Viktoria, na ng'ambo katika visiwa vya Bumbire, Goziba na Ikuza, kila mtu aijua thamani ya ng'ombe. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Buhaya, vibanja vikakosa samadi, na migomba ikadhoofika. Tangu hapo hapana haja ya kumfundisha Mhaya ya kwamba ng'ombe akifa na shamba huugua. Sotoka yenyewe haipo tena. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote, nayo iliondoshwa kwa chanjo. Neno hilo la chanjo mlishike, maana tutalirudia.

Basi ng'ombe akikohoa usiku, asubuhi mwenyewe yuko njiani kumtafuta bwana mifugo. Mbuzi akiharisha, shauri hufanywa. Lakini mbwa akilala siku tatu bila kula, watu husema, "Ni mbwa tu." Sababu yake si ukatili. Sababu ni kwamba mbwa hana bei sokoni, na kitu kisicho na bei hakipewi fungu katika hesabu ya nyumba. Ng'ombe hujilipia dawa kwa maziwa na samadi. Mbwa atajilipia kwa nini?

Na tuhesabu vizuri. Nani alalaye nje kahawa inapoanikwa uani? Nani awafukuzaye tumbili katika mahindi na ndizi mbivu? Nani ambwekaye mgeni wa usiku kabla hajafika mlangoni? Na yule paka alalaye jikoni, ni nani alindaye maharagwe yasiliwe na panya kama si yeye? Kazi hizo zingefanywa na mtu, angedai ujira kila mwezi. Tena iko sababu iliyo kubwa kuliko hizo zote: ugonjwa wa mbwa mara nyingine huvuka ukaingia katika mwili wa mtu. Mwenye kumtunza mbwa wake, amewatunza na watoto wake.

2. Kosa letu wenyewe

Isidhaniwe kwamba twafundisha watu jambo ambalo sisi hatukulikosea. Tulikuwa na mbwa mmoja, dume, mwekundu wa manyoya, aliyelinda kibanja chetu miaka minne. Msimu mmoja wa mvua aliacha kula. Tukasema ni minyoo, tukanunua vidonge vya minyoo. Siku mbili zikapita, hakupona. Tukaenda duka jingine, tukauziwa dawa ya sindano iliyotiwa katika chupa ndogo, na kijana mmoja akamchoma sindano kwa ujira wake. Siku nyingine mbili zikapita. Ndipo tukampa kidonge cha maumivu tulichokuwa tukimeza sisi wenyewe. Akaanza kutapika.

Siku ya saba tulimwita bwana mifugo. Alipofika hakufungua mkoba wake kwanza. Aliinua mdomo wa mbwa, akatuonyesha ufizi: ulikuwa mweupe kama karatasi. Kisha akaligeuza sikio, na ndani yake kupe walijazana kama punje za ulezi. Akasema, "Huyu ana ugonjwa wa damu uletwao na kupe. Siku ya kwanza ningeweza kumsaidia. Leo sijui." Mbwa wetu alikufa usiku ule.

Tulipokaa na kuhesabu, tuliona ya kwamba fedha tulizotumia katika madawa yasiyo yake zilipita zile ambazo tungemlipa bwana mifugo siku ya kwanza. Hatukukosa fedha, tulikosa utaratibu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta, na ukuta wenyewe ukaanguka. Kwa hiyo maneno yafuatayo ni ya watu waliokwisha kulipa karo ya somo hili.

3. Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kinga

Mtu mwenye fedha kidogo hawezi kushindana na magonjwa. Yampasa kuyazuia mlangoni. Mambo ya kufanya ni manne.

La kwanza: usifuge mbwa wengi kuliko uwezavyo kuwalisha. Mbwa mmoja aliyeshiba na kuchanjwa hulinda nyumba kuliko watatu wenye njaa wazungukao majalalani. Ukiweza, mwombe bwana mifugo amhasi dume wako; hatatangatanga sana kufuata majike, na atapunguza kupigana na kurudi na majeraha. Gharama ya kuhasi hulipwa mara moja. Gharama ya majeraha na ya watoto wasiotakiwa hulipwa kila mwaka.

La pili: chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa apatapo miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. Paka naye yafaa achanjwe. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2007, na katika mahali pengi siku hizo hutumika kuchanja mbwa kwa bei ndogo au bila malipo. Wenyeviti wa vijiji waulize mapema katika ofisi ya mifugo ya wilaya, wasingoje tangazo liwafikie. Kila aliyechanjiwa mbwa wake atunze cheti mahali pakavu, pamoja na vyeti vya watoto.

La tatu: kupe, viroboto na minyoo. Mkague mbwa wako kila juma: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, na chini ya mkia. Kupe mmoja mmoja aondolewe kwa kumshika karibu na ngozi na kumvuta taratibu pasipo kumpasua. Mikono na ivikwe kitambaa au karatasi ya nailoni, kisha ioshwe kwa sabuni. Usimchome kupe kwa moto wala usimmwagie mafuta ya taa. Fagia mahali alalapo, ukaanike juani gunia lake. Kazi hii haina gharama ila dakika kumi, nayo ingemwokoa mbwa wetu.

La nne: chakula na maji safi. Mbwa hawezi kuishi kwa maganda ya ndizi. Mabaki ya ugali na ndizi zilizopikwa, pamoja na dagaa au mabaki ya samaki wasio na miiba mikali, humtosha mbwa wa kijijini. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika kama vigae ikamchoma matumbo. Na asilambe sufuria wanazolia watoto.

4. Akiba ya mnyama

Mkulima wa Muleba hapati mshahara kila mwisho wa mwezi. Fedha yake huja kwa mkupuo wakati wa kahawa, kisha hukonda hata kahawa nyingine. Ugonjwa nao haungoji kahawa. Kwa hiyo mtu hana budi kujiwekea akiba ya mnyama wake kama awekavyo mbegu.

Tuseme nyumba moja yatenga shilingi 500 kila juma, iliyo thamani ya kitu kidogo tu. Mwaka una majuma 52. Mara 500 ni shilingi 26,000. Fedha hizo hazitatibu kila ugonjwa, lakini zitamwita bwana mifugo siku ya kwanza badala ya siku ya saba, na tumekwisha kuona tofauti ya siku hizo. Asiyeweza 500 atenge 200. Kwa mwaka ni shilingi 10,400. Haba na haba hujaza kibaba.

Vijiji vingi sasa vina vikundi vya kuweka na kukopa, na vikundi hivyo huwa na mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Wanakikundi waweza kupatana ya kwamba sehemu ndogo ya mfuko huo ikopeshwe mtu aliyeuguliwa na mnyama, bila riba, airudishe kwa mafungu. Jambo hilo liandikwe katika kanuni zao kabla ugonjwa haujaja, maana shauri lifanywalo mnyama akiwa amelala chini huwa shauri la haraka na ugomvi.

Tena iko njia ya kugawana nauli. Mara nyingi gharama kubwa si dawa bali ni safari ya bwana mifugo. Tuseme mafuta ya pikipiki yake ni shilingi 6,000. Akiitwa na nyumba moja, nyumba hiyo hulipa 6,000. Nyumba sita zikimwita siku moja, mmoja kwa mbwa, mwingine kwa mbuzi, wa tatu kwa ndama, kila moja italipa shilingi 1,000. Mtu mmoja katika kitongoji awekwe kuandika majina. Kwa watu wa visiwani ambao nauli yao ni ya mtumbwi, njia hii si ya kuchagua. Ni ya lazima.

5. Siku ya kwanza ya ugonjwa

Mnyama akiugua, usikimbilie dukani. Kaa umtazame, na uandike katika daftari: Alianza lini? Anakula? Anakunywa? Ametapika mara ngapi? Kinyesi chake ni cha namna gani, na je, kina damu? Ufizi wake ni mwekundu kama kawaida, au mweupe, au wa manjano? Ana kupe? Ana jeraha? Amepewa dawa gani? Joto la mbwa mzima ni kati ya digrii 38 na 39 na nukta kidogo. Likipita hapo ana homa. Maneno hayo, yakisemwa kwa simu kwa ufasaha, humwezesha bwana mifugo kujua kama aje upesi, au kama shauri la simu latosha.

Pima na uzito wake, kwa kuwa dawa hupimwa kwa kilo. Mtu ajipime kwanza peke yake, kisha ajipime akiwa amempakata mbwa. Akiwa yeye ni kilo 58, na pamoja na mbwa ni kilo 73, mbwa ni kilo 15. Anayejua uzito hununua kipimo kinachotakiwa; asiyejua hununua chupa nzima.

Iko hali isiyongoja kesho: mnyama apumuaye kwa shida, anayetetemeka na kukakamaa bila kukoma, atokaye damu isiyozuilika, mwenye tumbo lililovimba na kuwa gumu huku akijaribu kutapika asitoe kitu, mtoto wa mbwa anayeharisha damu, paka dume ajikamuaye asiweze kukojoa, na jike anayesukuma kwa nguvu kwa muda mrefu bila kuzaa. Hao na wapelekwe au waitiwe mganga siku ile ile. Lakini mbwa mzima aliyetapika mara moja, naye anacheza na kunywa maji, aweza kutazamwa kwa siku moja. Kujua tofauti hiyo ni nusu ya kubana matumizi.

6. Yafaayo na yasiyofaa nyumbani

Yapo mambo ambayo mtu aweza kuyafanya mwenyewe bila hatari. Jeraha dogo lioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Kisha lizuiliwe na nzi. Anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo mara nyingi. Mgonjwa alazwe pakavu, penye kivuli, mbali na wenzake.

Na yapo mambo ambayo yamewaua wanyama wengi kuliko magonjwa. Paracetamoli humwua paka, hata kidonge kimoja. Diklofenaki na ibuprofeni, vidonge tunavyomeza tukiumwa na mgongo, humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Mafuta machafu ya gari yapakwayo juu ya ukurutu huunguza ngozi, naye mbwa akijilamba huyanywa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe juu ya mbwa pasipo kuuliza kipimo, wala juu ya paka kamwe. Na dawa iliyobaki katika chupa ya mwaka jana isifanywe urithi.

Kuhusu chanjo tuongeze neno moja. Chanjo hutunzwa mahali pa baridi, kati ya digrii 2 na 8. Mtu akikuletea chanjo ya bei rahisi iliyokaa mfukoni mwake tangu asubuhi, umenunua maji. Si utovu wa adabu kuuliza, "Boksi la baridi liko wapi?" Wala si utovu wa adabu kuuliza cheti. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, ambalo ndilo huwaandikisha wenye ruhusa ya kutibu wanyama. Mwenye cheti hatakasirika akiulizwa.

7. Kusema habari ya fedha bila haya

Watu wetu huona aibu kutaja umaskini wao mbele ya mganga. Humwitikia kila neno, kisha akiondoka hawanunui dawa aliyoandika. Hasara hiyo ni mara mbili: ujira umelipwa, na mgonjwa hakutibiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na mficha umaskini vivyo hivyo.

Yafaa kusema tangu mwanzo, kwa heshima: "Bwana mifugo, nina shilingi kadha wa kadha, sina zaidi. Nisaidie nizitumie vema." Kisha muulize maswali haya. Waudhani ni ugonjwa gani? Usipotibiwa, itakuwaje? Je, iko dawa ya bei nafuu ifanyayo kazi ile ile? Kipimo hiki cha damu kitabadilisha matibabu, au tutampa dawa ile ile kwa vyovyote? Je, nikulipe kwa mafungu? Mganga mwema hupenda maswali hayo, kwa sababu humwonyesha mpaka wa safari yake. Na akikubali kulipwa kwa mafungu, lipa siku uliyoahidi. Mtu mmoja asiyelipa huwafungia mlango jirani wote.

8. Ugonjwa mmoja usiotibiwa

Sasa twafika katika neno zito kuliko yote. Upo ugonjwa mmoja ambao hutakiwi kutumia hata senti moja kumtibu mbwa, nao ni kichaa cha mbwa. Dalili zikiisha kuonekana, hapana dawa, kwa mbwa wala kwa mtu.

Mbwa mpole akigeuka mkali bila sababu, au mkali akijificha gizani. Akitokwa na udenda, akashindwa kumeza, sauti yake ikakwaruza, akapepesuka, taya likaning'inia: ogopeni. Wengi wamedanganyika wakadhani ana mfupa kooni, wakatia mkono kinywani. Msifanye hivyo. Ugonjwa umo katika mate. Waondoeni watoto, mfungieni ndani akiwa ameingia mwenyewe, mwiteni bwana mifugo na kumjulisha mwenyekiti.

Mtu akiumwa na mbwa, au akilambwa penye kidonda, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15. Maji na sabuni vipo katika kila nyumba, navyo huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Lakini kuosha peke yake hakutoshi. Aende siku ile ile katika zahanati au hospitali apate chanjo, nayo aimalize kwa siku zote alizopangiwa. Akikuta chanjo haipo, asirudi nyumbani kungoja. Aulize iko wapi, aifuate. Chanjo ya mtu huondoa kifo ikitangulia dalili. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa, na mtoto akaishi. Tangu siku ile hapana sababu ya mtu kufa kwa kuumwa na mbwa, isipokuwa kutojua, au kuchelewa, au kukosa chanjo.

Mbwa aliyeuma, naye aonekana mzima, asiuawe upesi na kutupwa. Afungwe, atazamwe kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa mdomoni siku alipouma. Akifa kabla, bwana mifugo aitwe, apate kuchukua kichwa chake kwa uchunguzi.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapata 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, walio wengi katika Asia na Afrika, na katika kila mia, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huupata kwa mbwa. Lakini ugonjwa huu hushindika. Katika kila mbwa 10 wa kijiji, 7 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kijiji kwa kijiji, na mwaka 2014 kichaa kikatoweka. Chanjo ilipolegea, mwaka 2016 kikarudi kutoka nje ya kisiwa. Watu wakachanja tena, na mwaka 2018 kikatoweka mara ya pili. Somo la Pemba ni wazi: chanjo si kazi ya mara moja, ni kama kupalilia.

Linganisheni wenyewe. Chanjo ya mbwa mmoja ni sindano moja kwa mwaka. Chanjo ya mtu aliyeumwa ni sindano kadhaa, nauli ya kwenda na kurudi kila mara, na siku za kazi zilizopotea. Na mbwa mmoja mwenye kichaa haumi mtu mmoja tu. Nyumba isemayo haina fedha za kumchanja mbwa, haina fedha za kutomchanja.

9. Ikiwa haponi

Ziko siku ambazo bwana mifugo atasema, "Huyu hataishi," au matibabu yatakuwa makubwa kuliko uwezo wa nyumba. Hapo mtu asijihukumu. Si dhambi kuchagua ada ya mtoto badala ya upasuaji wa mbwa. Kosa ni kumwacha mnyama ateseke siku nyingi nyuma ya banda, au kumfunga katika gunia na kumtupa rweya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kuwatesa wanyama. Mwombe bwana mifugo ammalize kwa njia isiyo na maumivu, na umzike shimo refu, mbali na kisima. Aliyekulinda miaka minne anastahili kaburi.

Mwisho

Waalimu, somo hili liwe la watoto pia, maana wao ndio wachezao na mbwa, na wao ndio waumwao. Wenyeviti, hesabuni mbwa wa kijiji kabla ya Septemba, mjue ni wangapi, na wangapi wana vyeti. Wasomaji, leo jioni mgeuzeni mbwa sikio lake, mtazame. Kazi hiyo hailipiwi.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kijiji kina mbwa 120. Wachanjwe wangapi ili katika kila 10 wawe wamechanjwa 7?
2. Nyumba yatenga shilingi 300 kila juma. Baada ya majuma 52 itakuwa na shilingi ngapi?
3. Mtoto ameumwa na mbwa njiani akitoka shuleni. Taja mambo matatu ya kufanya, kwa kufuata utaratibu wake.
4. Kwa nini kidonge cha maumivu cha mtu kisipewe paka?
5. Mbwa anatokwa na udenda na kushindwa kumeza. Kwa nini usitie mkono kinywani mwake kutafuta mfupa?